Nati Inayong'aa

Pale Nkubu, nyuma ya safu ya mabucha, kuna kiti kirefu kilichowahi kuwa cha basi. Basi lenyewe lilishakatwakatwa likauzwa vyuma, lakini kiti chake cha nyuma kiliokolewa, kikaegemezwa ukuta wa kibanda cha kahawa cha Abubakar, na wanaokikalia wakajiita Siti ya Nyuma. Ni watu wanaojiamini. Jina la kuzaliwa halitumiki hapo ila kukiwa na msiba. Ukizoea kukaa utapewa lingine, na ukilikataa ndipo litakapokuganda. Asubuhi hiyo ya Julai ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye mabati, manyunyu ni ya ile aina isiyolowesha ila inakera, na mbele ya kiti palikuwa na gari lililofunguliwa boneti, injini inanguruma, na wanaume wanne wamelizunguka na vikombe mkononi. Kila mmoja alikuwa anajua shida ni nini.

Nelius aliliona gari kabla ya kuwaona watu. Rangi ile ilikuwa yake. Kijani cha majani ya chai mvua ikishapita, kinachong'aa mpaka ukungu wenyewe unajiona ndani yake. Yeye ndiye fundi wa rangi za magari hapo mjini anayekataa kupaka kabla ya kukwangua mpaka chuma kionekane, na ndiyo sababu kwenye kiti hicho anaitwa Msasa. Gari hili la Mwalimu Mutegi lilimfikia likiwa limechubuka na kubonyea kila mahali, milango ina rangi tofauti na bodi, na alilitoa kwenye banda lake akiwa hataki hata kulirudisha. Siku ya kulikabidhi aliandika jina lake kwa rangi nyeupe, kwa herufi ndogo, pembeni mwa mlango wa buti: Msasa, Nkubu. Hakuwahi kuandika jina kwenye kazi nyingine yoyote.

Leo alikuwa amekuja kulifuta. Kipande cha msasa kilikuwa mfukoni mwa ovaroli, na mkono ulikuwa juu yake tangu alipotoka nyumbani.

Kisa chenyewe kilikuwa kinajulikana na Nkubu nzima. Jumamosi iliyopita Mutegi aliteremka na gari hilo hadi Kiritiri kumwombea kijana wake mchumba, binti anayeitwa Cicily, nyumbani kwa mzee Ireri mwenye malori ya mchanga. Milimani gari lilikwenda vizuri. Lilipofika kwenye joto la Mbeere, likaingia Kiritiri siku ya soko, likapunguza mwendo katikati ya mbuzi na watu, na hapo likachemka. Mvuke ukatoka kwenye boneti, gari likazima. Lililolivuta ni lori la mchanga, tena la Ireri mwenyewe, kwa kamba, kupita soko zima mpaka mlangoni kwa wakwe. Kitita cha miraa ya posa kilikuwa kimenyauka kabla hakijafunguliwa. Ireri alitoka nje, akaitazama ile kamba, akauliza kama wageni wamekuja kuomba msichana au kuomba kuvutwa. Na kila aliyelitazama gari kwa nyuma alisoma jina la Nelius.

— Msasa, karibu, akasema Abubakar, mwenye kibanda, huku akimmiminia bila kuuliza. Umefika wakati mzuri. Tunaizika feni.

— Haijakufa, akajibu Bundi.

Huyu Bundi ni fundi wa waya za magari, na jina lake kitini ni Chaji. Macho yalikuwa mekundu. Alikuwa amelishughulikia gari hilo wiki nzima, na mtu aliyeshindwa wiki nzima hapendi kuulizwa.

— Basi hali yake ni gani? akauliza Nelius.

— Sikiza, Msasa. Feni inafaa kuzunguka maji yakipata moto. Sindio? Fyuzi nimebadilisha. Rilei nimebadilisha. Sensa ndio hiyo, mpya. Nikichukua waya mbili niunganishe feni na betri moja kwa moja, inazunguka mpaka inataka kuruka. Nikiweka taa ya kupimia kwa soketi yake, inawaka. Stima inafika mpaka kwa mlango. Feni iko ndani ya nyumba. Na hakuna mtu anafungua.

— Athi je? akauliza Mwalimu Mutegi.

Athi ndivyo mafundi wanavyouita ule waya mweusi unaofungwa kwenye bodi ya gari ili stima iliyokwisha kufanya kazi ipate njia ya kurudi kwenye betri. Mutegi alifundisha hesabu maisha yake yote, na kitini anaitwa Desimali kwa kuwa hakubali kitu cha kukadiria. Alikuwa amevaa suti ya safari, tai imenyooka, na alisimama mbali kidogo na gari ili asipakwe grisi.

— Athi iko sawa kabisa, akasema Chaji. Nimeiangalia mara ya kwanza kabisa. Nati imekazwa, tena inang'aa. Haina kutu hata kidogo.

Nelius akasikia raha kidogo katikati ya uchungu wake. Bila shaka ilikuwa inang'aa. Mutegi alikuwa amemwambia wazi: mkwe ni mtu wa malori, atafungua boneti kabla ya kufungua mlango wa nyumba. Kwa hiyo Nelius alipaka hata ndani, mahali ambapo wapaka rangi wengine hupuliza kidogo tu na kufunga. Alifungua kila nati iliyofunguka, akakwangua, akapaka, akarudisha. Hakuna fundi mwingine kutoka hapo mpaka Embu ambaye angejisumbua hivyo.

— Hapo kwa athi ndio nataka kuingilia, akasema mzee Mbaka.

Wote wakashusha pumzi. Mbaka alikuwa bwana shamba wa serikali mpaka alipostaafu, na hata leo akiona jani la manjano kando ya barabara husimama kulichunguza. Jina lake ni Kilimo.

— Ingilia, Kilimo, akasema Abubakar. Lakini usitupandie mahindi.

— Athi ni Kizungu. Kwa Kiswahili ni udongo. Sasa niulize nyinyi watu wa waya: udongo wa Nkubu na udongo wa Kiritiri ni mmoja?

— Kilimo, hiyo si udongo ya kulima, akasema Chaji.

— Nimeuliza swali. Udongo wa hapa ni mwekundu, ni mzito, unashika maji. Wa Kiritiri ni mchanga. Ukimwaga maji asubuhi, adhuhuri huyaoni. Sasa kama udongo unamwaga maji, utashikaje stima? Hii gari ikiwa hapa athi yake imeshiba. Ikishuka kule inakauka.

— Na sasa tuko hapa, akasema Desimali. Udongo umeshiba, na feni haizunguki.

Kilimo akanywa kahawa kidogo. Mtu mwingine angejiona ameshindwa.

— Ni kwa sababu ilishaenda ikarudi. Imechanganyikiwa. Wewe ukipeleka mche wa chai Mbeere siku moja, mche utakufa, lakini ukiupeleka polepole, mwaka huu Chuka, mwaka ujao Ishiara, unazoea. Hii gari mliitupa Kiritiri siku moja. Ingepelekwa na debe la udongo wa hapa kwa buti, ingefika.

— Debe la udongo, akarudia Chaji.

— Debe moja. Ama mawili, kama unabeba watu wazito.

Chaji aliweka kikombe chini, akaenda kusimama upande wa pili wa gari. Mshale wa joto ulikuwa umefika nusu, na Desimali alikuwa akiutazama kupitia dirisha.

— Mimi hizo mambo zenu sijui, akasema Abubakar, akipangusa mdomo wa birika. Lakini nauliza. Hii gari mlipaka rangi yote?

— Yote, akasema Nelius. Hata ndani.

— Na feni?

— Feni haipakwi. Ni ya plastiki nyeusi.

— Basi ndio hiyo. Imesusa. Kila mtu nyumbani amenunuliwa nguo ya sikukuu, yeye peke yake ameachwa na ile ya zamani, halafu mnamwambia apepee wageni. Hata mimi singepepea.

Kilimo alicheka mpaka kofia ikateremka machoni. Nelius hakucheka. Jambo lolote lililotaja rangi yake asubuhi hiyo lilimchoma, hata la mzaha.

— Chaji, akasema Kilimo alipopata pumzi, kwani si uache zile waya mbili zako? Umesema ukizishikisha betri inazunguka. Ziache tu hapo.

— Nimwambie mwenye gari ama utamwambia wewe?

— Direkti, betri kwa feni? Desimali aligeuka polepole. Pikapu yangu ya kwanza ilipigwa direkti hivyo hivyo. Iliungulia Muthara, mimi nikiwa kwa hoteli nakunywa chai. Nilitoka nikapata watu wanaiota moto. Gari ya kwenda kuomba msichana siipigi direkti.

— Wahenga walisema...

— Waache wahenga, Kilimo. Hawakuwa na gari.

Mshale ukavuka nusu. Wote wakainama tena juu ya boneti, hata Abubakar. Feni ilikuwa imekaa tu nyuma ya radieta, mapanga yake meusi hayajatikisika. Mvuke mwembamba ukaanza kuchungulia kwenye kifuniko cha maji.

— Zima, akasema Chaji.

Desimali akaingiza mkono dirishani akazima. Alipotoa mkono hakuwa mwalimu tena, alikuwa baba wa kijana anayesubiriwa.

— Kule tuliambiwa saa sita, alisema. Nikikosa leo, Ireri ametuma maneno kwamba wapo wengine wanaomtaka msichana, na hao hawavutwi kwa kamba.

Chaji alianza kufungua soketi ya sensa kwa mara nyingine, akijua na wote wakijua kwamba hakuna kipya atakachokiona humo.

Nelius alizunguka nyuma ya gari. Jina lake lilikuwa pale, jeupe kwenye kijani, limelowa manyunyu. Alikuwa ameliandika kwa brashi ya nywele chache, akizuia pumzi, na herufi ya mwisho ilimtoka vizuri kuliko zote. Alitoa msasa mfukoni. Ni jambo la kusugua kidogo tu, kisha apulize kijani juu yake, na gari liende Kiritiri likavutwe na lori, na hata trekta wakitaka, bila yeye kuhusika. Alikuwa na hasira, na hasira yenyewe hakujua ni ya nani.

— Unafanya nini huko? Desimali alikuwa amemfuata.

— Natoa jina langu, Mwalimu.

— Kwa nini?

— Kwa sababu watu hawasemi radieta ya Mutegi ilichemka. Wanasema ile gari ya Msasa ilivutwa. Nimepigiwa simu na watu sijui hata walitoa nambari wapi. Mmoja ananiuliza kama rangi yangu inakuja na kamba.

Desimali alitazama lile jina, akatazama msasa.

— Nelius, akasema, na kutajwa kwa jina lake la kuzaliwa hapo kitini kulimshtua. Mimi nimeendesha gari hii ikiwa na aibu miaka mingi. Nikiegesha kanisani nilikuwa naegesha nyuma ya mkuyu. Tangu uipake naegesha mlangoni. Ukitoa hilo jina sasa, utakuwa umeniambia rangi ndiyo ilikuwa na makosa.

Kabla hajajibu, mtu alikohoa nyuma yao. Alikuwa Ntinyari, dada mkubwa wa Mutegi, ambaye bila yeye hakuna posa itakayosemwa ikasikika. Alikuwa amevaa gauni la maua na koti zito, mwavuli mkono mmoja, na kwapani amebana kitita cha miraa kilichofungwa kwa majani ya mgomba, kimevunwa alfajiri hiyo hiyo. Alikuwa amesimama mlangoni kwake akingoja gari mpaka akachoka, akaamua kulifuata kwa miguu.

— Muga, akasalimu.

Wote wakamwitikia. Abubakar akampisha kwenye kiti, naye akakataa kuketi.

— Miraa hii ikinyauka mara ya pili, mimi siendi mara ya tatu. Mnafanya nini?

Wakamweleza. Chaji akamweleza habari ya fyuzi, rilei na sensa. Kilimo akamweleza udongo wa mchanga na udongo mwekundu, na lile debe. Abubakar, kwa heshima, hakumweleza kuhusu nguo ya sikukuu. Ntinyari alisikiliza mpaka mwisho akiwa anakitazama kitita chake. Kisha akauliza:

— Hii gari ilipokuwa na sura mbaya, ilikuwa inachemka?

Chaji akalitazama gari. Desimali akaanza kuhesabu kitu kwa vidole akaacha.

— Maana mimi nakumbuka, akaendelea Ntinyari, tulienda na hii gari matanga Ishiara, jua la kukaanga, watu wamejaa mpaka kwa buti. Na hiyo feni ilikuwa inapiga kelele. Hata gari ikishazimwa ilikuwa inaendelea kuzunguka peke yake, mpaka nikamuuliza Mutegi kama ina pepo.

— Ni kweli, akasema Desimali kwa sauti ya chini. Ilikuwa inazunguka.

— Basi sio Kiritiri, akasema mama huyo. Ni kitu mliifanyia hapa.

Nelius alihisi baridi ya Julai ikimwingia mara moja ndani ya ovaroli. Hiyo hapa aliyoisema ilikuwa bandani kwake. Kati ya matanga ya Ishiara na safari ya Kiritiri gari hilo halikuguswa na mtu mwingine. Alitembea mpaka mbele, akainama kwenye boneti, akaufuata ule waya mweusi wa feni kwa kidole mpaka ulipoishia, kwenye nati ndogo pembeni mwa taa ya mbele. Kweli ilikuwa inang'aa. Juu yake kijani, chini yake kijani, na pale waya ulipokutana na bodi, kijani kizuri kinene kisicho na hata ufa.

Angeweza kunyamaza. Wazo hilo lilimpitia, na hakulipenda lilivyokaa.

— Chaji, hii nati niliifungua mimi. Nikapaka chini yake. Nikairudisha juu ya rangi. Rangi inapitisha stima?

Chaji alichukua taa yake ya kupimia, ambayo kibanio chake alikuwa amekibana wiki nzima kwenye betri, akakibandua. Akakibana kwenye ile nati. Akawasha swichi ya gari bila kuwasha injini, akagusisha ncha kwenye soketi ya feni, mahali pale pale ambapo taa ilikuwa inawaka siku zote.

Taa haikuwaka.

Akagusisha tena. Kisha akarudisha kibanio kwenye betri, na taa ikawaka. Akarudisha kwenye nati, ikazimika.

— Wiki nzima, akasema Chaji. Nimeangalia hii nati wiki nzima nikisema inang'aa, iko sawa. Kumbe ndio ugonjwa wenyewe, rangi imezibia stima njia ya kurudi. Ingekuwa na kutu ningeisugua siku ya kwanza.

— Sio wewe, akasema Nelius.

— Ni mimi pia. Wewe ulipaka vizuri sana, mimi nikaamini vizuri sana. Leta hapa nikwangue na tupa, dakika moja.

— Toa mkono.

Alisema bila kupandisha sauti, na Chaji akautoa. Nelius akaomba spana, akaifungua ile nati mwenyewe. Nyuzi zake zilikuwa zimejaa rangi. Alikuwa amezipuliza pia, kwa bidii. Akauinua waya, na pale chini yake pakabaki mduara safi wa kijani, kazi isiyo na doa, ambayo hakuna mtu angeiona mpaka gari life. Akatoa kile kipande cha msasa alichokuja nacho kwa ajili ya jina lake.

Siti ya Nyuma ilisimama yote kumtazama. Desimali aligeuza uso pembeni, hakutaka kuona gari lake likikwaruzwa, kisha akarudisha macho. Nelius alisugua kwa mkono ule ule wa siku zote, kwa duara, bila haraka na bila kuonea huruma. Ukatoka ung'avu wa juu. Kikatoka kijani. Ikatoka ile rangi ya chini ya kijivu. Kisha chuma kikatokea, cheupe, kikubwa kidogo kuliko kifuniko cha soda, na alipokiona alitambua kwamba yeye hasemi uongo anapojisifu: hata huko ndani kabisa, chini ya kila kitu, alikuwa amekwangua mpaka hakuna hata chembe ya kutu iliyobaki. Alijisikia mkubwa. Hakuona sababu ya kuficha.

Akasafisha nyuzi za nati, akaurudisha waya juu ya chuma kitupu, akakaza.

— Washa, Mwalimu.

Injini ilikuwa bado na moto. Ilivyoamka tu, feni ikaamka nayo, ikanguruma, ikavuta upepo kupitia radieta na kuwamwagia wote joto lililokuwa limejifungia mle ndani. Kofia ya Kilimo ikaruka ikaangukia kwenye tope. Hakuiokota mara moja.

— Nilisema, akasema Kilimo. Si nilisema? Shida ilikuwa athi.

— Ulisema debe la udongo, akasema Chaji.

— Athi ni udongo. Mengine ni maelezo.

— Na mimi nilisema ni rangi, akasema Abubakar. Mlicheka.

Ntinyari alikuwa tayari ameshaingia kwenye kiti cha mbele, kitita kimewekwa magotini, mwavuli umefungwa. Aliteremsha kioo akamwita Nelius.

— Wewe ndio umeandika jina hapo nyuma?

— Ndio, mama.

— Ni ndogo. Mimi bila miwani sikuweza kuisoma.

Wakaondoka. Gari likapita kwenye ukungu mpaka ukabaki weupe wa zile herufi tu, kisha nao ukatoweka kwenye kona ya barabara ya Embu. Nelius alikaa kitini. Kipande cha msasa kilikuwa kimebaki mkononi, kimejaa unga wa kijani, na hakukitupa.

Walingoja. Walisema wanangojea mvua iishe, lakini mvua iliisha na hakuna aliyeondoka. Chaji aliwakataa wateja wawili. Kilimo alieleza kwa nini feni zingezunguka vizuri zaidi kama zingepandwa mwezi wa Machi. Abubakar aliongeza maji kwenye birika, akaongeza tena, mpaka kahawa ikawa na rangi ya chai. Mchana ukungu ulipopanda na jua dogo likaonekana, simu ya Chaji ililia, akaiweka kwenye sauti kubwa juu ya meza ya kibanda.

— Tumefika, ilisema sauti ya Desimali. Kulikuwa na mbuzi barabarani kama siku ile. Tumesimama katikati yao, na feni ikawaka, na mshale haukusonga.

— Na mkwe? akauliza Chaji.

— Amefungua boneti kabla ya kutusalimia, vile nilisema. Ameinama huko ndani. Amekaa. Nikaona sasa tumekwisha, ameona pale palikwanguliwa. Akasimama akaniuliza swali moja.

— Swali gani?

— Ameuliza ni nani huyo fundi wa rangi mwenye akili ya kuacha chuma kitupu pale kwa athi. Anasema malori yake yote yakienda kupakwa yanarudi na taa hazifanyi kazi, kwa sababu wanaziba athi na rangi, na hakuna hata mmoja amewahi kufikiria. Anataka jina.

Siti ya Nyuma yote ikamgeukia Nelius.

— Nimemwambia azunguke nyuma asome, Desimali akasema. Ndio anasoma sasa. Nimwambie nini kingine?

Nelius aliuchukua ule msasa, akaukung'uta kwenye goti, unga wa kijani ukaanguka kwenye viatu.

— Mwambie ndiye huyo, akasema. Na mwambie amejifunza leo asubuhi.

Upande wa pili wakasikia sauti ya mzee mwingine ikicheka kwa mbali, na nyuma yake feni ikinguruma peke yake kwenye gari lililozimwa. Abubakar aliinamisha birika juu ya kikombe cha Nelius. Likatoka tone moja.